Saa Sita Mchana, Nani Kapaki Nyasho?

Saa sita mchana, mbingu ikiwa haina wingu na jua limesimama utosini, kila mita ya mraba ya bati pale Nyasho, Musoma, hupokea karibu kilowati moja ya nguvu ya jua. Ukijumlisha kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa wastani wa mwaka, mita hiyo hupata kati ya uniti 5 na 6 kwa siku. Musoma iko digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Kwamba mkoa wa Mara una jua la kutosha kuendesha vyombo vya moto ni jambo ambalo halihitaji mtetezi.

Linalohitaji kutazamwa ni jambo la pili, ambalo siku hizi linazunguka sana kwenye simu za vijana: gari linaegeshwa juu ya bamba lililolazwa ardhini, hakuna waya, hakuna plagi, na betri inajaa yenyewe huku sola zikimeta juu ya paa. Anayetazama anajiuliza mara moja kwa nini kitu hicho kisiwekwe kwenye vijiwe vyetu vya bodaboda na bajaji, pale sokoni Nyasho, kule stendi ya Bweri, hata Bunda mjini na Butiama. Swali ni zuri na lina majibu ya hesabu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa bodaboda wa Nyasho, waya haujawahi kuwa tatizo. Tatizo lake ni saa. Jua huja wakati yeye yuko barabarani akitafuta hela, na huzama wakati pikipiki yake inaingia ndani kulala.

Tuanze na chaja yenyewe, maana watu wengi wanaidhani ni miujiza na wengine wanaidhani ni utapeli. Si kimojawapo. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya huzalisha umeme ndani ya waya huo bila kuugusa. Transfoma ya TANESCO iliyo juu ya nguzo hufanya kazi hiyo hiyo usiku na mchana: ndani yake mna koili mbili zisizogusana, na umeme huvuka kutoka moja kwenda nyingine kwa sumaku inayopita kwenye chuma. Chaja isiyo na waya ni transfoma iliyopasuliwa katikati. Nusu imelazwa ardhini, nusu imefungwa tumboni mwa gari, na mahali pa chuma pana hewa. Kwa kuwa hewa ni njia mbovu ya sumaku, wahandisi hufidia kwa kuongeza kasi ya mtikisiko. Umeme wa nyumbani hubadilika mara 50 kwa sekunde, na kwenye chaja ya gari isiyo na waya hubadilika takriban mara 85,000.

Nikola Tesla alitaka makubwa zaidi. Kuanzia 1901 alijenga mnara pale Wardenclyffe, nje ya jiji la New York, akiwa na ndoto ya kurusha umeme hadi mbali. Fedha zilimwishia, na mwaka 1917 mnara ukabomolewa. Kilichokuja kufanikiwa ni umbali mfupi, tena baada ya miongo mingi. Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kilifanya kazi kubwa ya kuipeleka teknolojia hii kwenye viwanda na baadaye kwenye magari. Mwaka 2007 kikundi cha Marin Soljačić pale MIT kiliwasha balbu ya wati 60 kutoka umbali wa mita 2, ingawa zaidi ya nusu ya umeme ulipotea njiani. Mwaka 2020 shirika la SAE la Marekani likatoa kiwango rasmi cha chaja za magari zisizo na waya, kinachoitwa SAE J2954. Kiwango hicho kinahusu chaja za kuanzia kilowati 3.7 hadi 11, zenye nafasi ya sentimita 10 hadi 25 kati ya bamba na gari. Dereva anaruhusiwa kukosea sentimita 10 pembeni na sentimita 7 na nusu mbele au nyuma. Zaidi ya hapo, umeme unaopita hupungua haraka.

Anayesema kwamba kuchaji bila waya hupoteza nusu ya umeme anazungumzia balbu ya 2007. Mwaka 2024 maabara ya Oak Ridge, Marekani, ilipeleka kilowati 100 ndani ya gari dogo kupitia nafasi ya takriban sentimita 13 na ufanisi wa asilimia 96. Hiyo ni maabara, yenye watu wenye vipimo na bajeti. Kifaa cha kawaida kilichotengenezwa vizuri hupoteza asilimia chache zaidi ya chaja ya waya. Kifaa cha bei chee, kilichoegeshewa shaghalabaghala, kinaweza kupoteza robo nzima.

Sasa tuipige hesabu ya Nyasho, maana hapa ndipo maneno mengi hufia.

Bodaboda anayefanya kazi siku nzima, mizunguko ya mjini pamoja na safari moja au mbili za kwenda Bweri au Makoko, tumkadirie kilomita 120. Pikipiki ya umeme ya saizi hiyo hula takriban uniti 3 na nusu kwa kila kilomita 100. Ukiweka na upotevu wa chaja, mita itasoma uniti 4.7 hivi kwa siku. Kwa LUKU ya T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambayo elfu moja inakupa uniti 2.8, hiyo ni kama shilingi 1,700. Pikipiki ya petroli kwa mwendo huo huo itakunywa karibu lita 3, na lita imekuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000 miaka hii. Karibu elfu tisa dhidi ya elfu moja na mia saba. Tofauti hiyo ndiyo inayowavuta watu kwenye umeme, wala si hali ya hewa ya dunia, na hakuna haja ya kuona aibu kulisema.

Ongeza sasa chaja isiyo na waya. Ikiwa nzuri, ikapoteza asilimia 10 zaidi, gharama yake ni kama shilingi 180 kwa siku. Ikiwa mbovu, ikapoteza robo, ni shilingi 560 hivi. Hata hiyo mbovu haiifikii petroli kwa kuumiza. Kwa hiyo upotevu wa umeme, hoja ambayo wapinzani wa teknolojia hii huipenda sana, kwetu sio unaoamua. Kinachoamua ni bei ya kifaa, nani atakitengeneza kikiharibika, na lile suala la saa.

Twende kwenye sola. Paneli zenye jumla ya kilowati moja, ukishaondoa joto, vumbi, mavi ya ndege na upotevu wa vifaa, zitakupa pale Musoma kama uniti 3.9 kwa siku. Umeme huo ukipitia kwanza kwenye betri ya kituo, unapungua tena. Pikipiki moja itahitaji paneli 3 za wati 450. Ukitumia ile chaja mbovu isiyo na waya, zinakuwa 4. Paneli ya saizi hiyo ina eneo la zaidi kidogo ya mita 2 za mraba. Kijiwe cha pikipiki 20 kinadai paneli 60, yaani paa la mita za mraba kama 130.

Nani ana kijiwe chenye paa la ukubwa huo? Pikipiki 20 zilizopangwa kwa ustaarabu hujaa kwenye mita 50 za mraba. Kibanda kinachozifunika, hata ukikiezeka paneli tupu, kitampa kila mmoja umeme wa kilomita 40 hadi 50 kwa siku. Si haba, lakini ile picha ya kijiwe kinachojitegemea kwa jua la juu ya vichwa vya madereva haisimami. Umbo la chombo na umbo la jua haviendani. Uganda waliliona hili mapema. Februari 2016 Kiira Motors walizindua basi la Kayoola, la abiria 35, lenye paneli juu ya paa, na sifa zikasambaa kwamba Afrika imeunda basi linaloendeshwa na jua. Basi lilikuwa na uwezo wa kwenda kilomita 80 kwa betri zake, na paneli za paani ziliongeza sehemu ndogo tu ya mwendo huo. Mabasi yaliyofuata ya Kayoola yamejengwa kwa betri kubwa na kuchajiwa kituoni. Wafaransa nao walilaza paneli barabarani, kilomita moja pale Tourouvre-au-Perche, Normandy, Desemba 2016, kwa euro milioni 5. Matairi na majani ya miti yalizimaliza, na kufikia 2019 mradi ulikuwa umeshindwa mbele ya macho ya watu. Paneli inataka kuinuliwa juu ya paa au kwenye uwanja, ipate upepo na mvua ya kuiosha. Popote pengine ni mapambo.

Kuna barabara nyingine maarufu, zile zenye koili zilizozikwa chini ya lami ili gari lichaji likiwa linatembea. Korea Kusini walianza na mabasi ya mji wa Gumi mwaka 2013. Uswidi walijaribu kilomita 1.6 kisiwani Gotland. Detroit walifungua kipande cha mtaa wa 14th Street mwishoni mwa 2023. Sitapoteza nafasi ya safu hii kwa hilo. Mji ambao bado unadai lami na mitaro kwenye mitaa yake hauna sababu ya kuzika shaba chini ya barabara.

Turudi kwenye saa. Ingia sokoni Nyasho wakati wa mchana na uangalie pikipiki. Zilizopo kijiweni zinasubiri dakika 5, dakika 10, pengine nusu saa biashara ikiwa mbaya. Dereva yuko juu ya kiti, jicho liko kwa abiria anayetoka sokoni na kiroba cha dagaa au mkungu wa ndizi. Wengi wao pikipiki si zao: wana hesabu ya bosi ya kila siku, au wako kwenye mkataba wa kulipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chao. Dakika ambayo pikipiki imefungwa kwenye chaja ni dakika ya kumwacha abiria aende na mwenzako. Wanaoitetea chaja isiyo na waya husema hapo ndipo inapong'aa: huchomoi kitu wala huchomeki kitu, umeegesha unachaji, umeitwa unaondoka. Wanasema kweli kuhusu mabasi. Milton Keynes, Uingereza, basi namba 7 lilianza mwaka 2014 kuchaji kwa dakika kadhaa kila linapofika mwisho wa njia, juu ya bamba, bila dereva kushuka. Lakini basi lina ratiba, lina kituo kimoja kila upande, na linaegeshwa na dereva aliyefunzwa kulenga mstari. Bodaboda hana hata kimoja kati ya hivyo.

Pikipiki yenyewe ina ukorofi wake. Ikisimama kwa stendi ya pembeni inalala upande, na koili iliyofungwa chini yake inatazama kando badala ya kutazama chini. Waholanzi walilipatia jawabu zuri: mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft kilijenga kituo cha baiskeli za umeme chenye sola juu na betri yake chini, na mojawapo ya njia zake za kuchaji ni bila waya, koili ikiwa ndani ya stendi ya baiskeli. Unaposimamisha baiskeli, stendi inakanyaga kigae na umeme unapita. Huo ndio mfano ulio karibu zaidi na kile ambacho vijana wetu wanakiota, na ninauheshimu. Ila baiskeli ya Delft inaegeshwa asubuhi mwanafunzi akiingia darasani na inachukuliwa jioni. Imelala chini ya jua siku nzima. Na ile sakafu ya Delft haina vizibo vya soda.

Hilo la vizibo si utani. Sumaku inayobadilika mara 85,000 kwa sekunde hupasha moto kipande chochote cha chuma kilichopo kati ya koili mbili. Msumari, sarafu, kizibo, kipande cha bati, vyote vinaweza kuungua hadi vikayeyusha plastiki ya bamba. Mifumo ya kiwango ina vihisio vya kugundua chuma na kukata umeme, na vihisio hivyo ni sehemu ya ughali wake. Ukitazama ardhi ya soko lolote la Kanda ya Ziwa, utaelewa kwamba bamba la namna hiyo ama litakuwa linajizima kila mara, ama litakuwa halina kihisio na ni hatari.

Basi bodaboda afanyeje? Majirani wamekwisha jibu. Ampersand walianza Kigali mwaka 2019 kwa kubadilishana betri: unaingia kituoni na betri iliyokwisha, unatoka na iliyojaa ndani ya dakika chache, na biashara hiyo imefika Nairobi pia. Roam wa Nairobi wanatengeneza pikipiki ambayo betri yake, yenye uniti 3.24, hutoka na kubebwa kwa mkono ikachajiwe popote. Hapo ndipo jua na bodaboda hupatana. Betri inabaki chini ya paneli saa sita mchana huku pikipiki ikiwa Makoko na abiria. Paneli hazihitaji kuwa juu ya kijiwe. Zinaweza kukaa juu ya paa kubwa la karibu, liwe la soko au la ghala, na hapo zile mita 130 zinapatikana bila ugomvi. Na kama kituo hakuna, bado anaweza kuchaji nyumbani usiku kwa TANESCO. Tangu mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ilipokamilika mwaka 2025, umeme wa usiku wa Nyasho kwa sehemu kubwa unatokana na maji, na hauna moshi mwingi wa kuuonea haya. Tahadhari moja tu, ambayo wauzaji hawaitaji: nyumba iliyo kwenye kundi la D1, la matumizi madogo, ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki peke yake itakula zaidi ya 100. Ile bei nafuu utaiaga, na jirani mliyechangia mita atakutafuta.

Mpaka hapa mtu ataniona adui wa kuchaji bila waya. La. Nimeanza na barabara kwa sababu ndiko macho ya watu yaliko, lakini ukishuka kutoka Nyasho hadi mwaloni, hesabu inageuka.

Dagaa wa ziwa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Karabai za mafuta ya taa zimeondoka taratibu na nafasi yake imechukuliwa na taa za betri. Taa hizo hufanya kazi usiku kucha, hurudi nchi kavu alfajiri na kulala mchana kutwa. Hulala saa zile zile ambazo jua liko kazini. Hakuna mteja wa sola aliye bora kuliko taa ya dagaa. Upande wa Kenya, Mbita na miji mingine ya pwani ya ziwa, kampuni ya WeTu, iliyoanzishwa na Siemens Stiftung ya Ujerumani, imekuwa ikiendesha vituo vya sola ambako mvuvi hukodi taa iliyojaa na kuirudisha asubuhi. Vituo hivyo hivyo huuza maji safi na kuchaji pikipiki za umeme. Ni mwendo wa boti tu kutoka kwetu, na ningependa viongozi wetu wanaopenda ziara za mafunzo waanzie huko kabla ya kutafuta viza za Ulaya.

Sasa shika taa ya namna hiyo mkononi uigeuze. Kioo kizima, taa zenyewe nzima, betri bado ina miaka. Kinachokufa kwanza ni tundu la kuchajia. Kifuniko chake cha mpira kimekatika, ndani pameota kutu ya kijani, magamba ya dagaa yamenata pembeni, na fundi ameshaunga nyaya nje na kuzifunga kwa selotepu. Kila tundu ni mlango wa maji, na taa ya mvuvi huishi ndani ya maji. Hapa waya ni tatizo kwelikweli. Taa isiyo na tundu lolote, iliyozibwa jumla kiwandani na kuchajiwa kwa kulazwa juu ya kibao, inaondoa chanzo kikuu cha kifo chake. Miswaki ya umeme imekuwa ikichajiwa hivyo kwa miongo mingi, kwa sababu hiyo hiyo ya maji. Na koili zake hazina ughali: kiwango cha Qi, kilichotoka mwaka 2010, kimezifanya zitengenezwe kwa mamilioni kwa ajili ya simu, zenye uwezo wa wati 15. Taa inayohitaji saa 8 za wati 15 itajaa mchana mmoja bila shida. Hata ukipoteza asilimia 20 njiani, tunazungumzia umeme wa shilingi chache. Vizibo vya soda havipo kwenye meza ya kituo, na mhudumu ndiye anayeipanga taa mahali pake.

Ukitaka mfano mkubwa zaidi wa maji, uko Norway. Mwaka 2017 kampuni ya Wärtsilä ilijaribu kwenye kivuko cha Folgefonn chaja isiyo na waya ya zaidi ya kilowati 1,000, umeme ukiruka pengo la nusu mita kati ya gati na chombo. Kivuko hukaa gatini dakika chache, huyumba na mawimbi, na plagi kubwa za chumvichumvi humsumbua kila mtu, ndiyo maana bamba likajaribiwa. Sisi tuna MV Musoma ya TEMESA, kivuko cha kati ya Mwigobero na Kinesi kule Rorya: njia fupi, gati zile zile mbili kila siku, ratiba inayojulikana. Kwa tabia, chombo hicho kinafanana zaidi na basi la Milton Keynes kuliko bodaboda anavyofanana nalo. Sisemi kibadilishwe kesho. Nasema kama siku moja Serikali itaagiza kivuko kipya cha ziwa, mhandisi aulizwe gharama ya dizeli kwa miaka 20 ijayo kabla hajachora tangi.

Na kuna mteja mwingine wa saa sita mchana ndani ya mkoa huu huu: Serengeti. Gari la watalii hutoka alfajiri, simba akiwa bado anatembea, hurudi kambini kabla ya chakula cha mchana, hukaa kivulini hadi jua lipungue, kisha hutoka tena. Mwaka 2018 Mount Kilimanjaro Safari Club waliingiza magari ya umeme ya safari yanayochajiwa kwa sola katika hifadhi zetu, na kule Maasai Mara kambi ya Emboo imekuwa ikitumia magari yaliyobadilishwa kuwa ya umeme na Opibus, ambao sasa ndio Roam. Yote haya ni ya waya, na nadhani yataendelea kuwa ya waya. Gari la safari limeinuliwa juu kukwepa mawe na tope, na mara nyingi pengo kati ya tumbo lake na ardhi linazidi zile sentimita 25 za kiwango. Dereva wa kambi hana haraka. Kuchomeka plagi kunamchukua muda mfupi kuliko kufunga turubai.

Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza kwa Manispaa ya Musoma, kwa halmashauri za Bunda na Butiama, na kwa yeyote mwenye fedha za mradi, ni maswali mawili yanayokwenda pamoja. Chombo hiki kiko wapi saa sita mchana? Na tundu lake la kuchajia linakufa kwa nini? Bodaboda yuko barabarani, na tundu lake haliuawi na kitu, hivyo mpe betri ya kubadilisha. Taa ya dagaa iko nchi kavu, tundu lake linauawa na maji, hivyo ipe bamba. Gari la watalii liko kambini, tundu lake ni zima, lipe waya. Nikiruhusiwa kuchomekea, magari ya serikali nayo yana sifa nzuri sana kwa kipimo hiki: ukipita kwenye maegesho ya ofisi za umma saa sita mchana siku ya kazi utayakuta yamejipanga juani, na mengi safari zake ni za mjini tu. Yakianza hayo kubadilishwa kuwa ya umeme na kuezekewa paneli, wananchi watajifunza kwa kuona, na bajeti ya mafuta itapumua.

Nahofia mradi wa aina moja tu: ule wa bamba moja la kuchaji bila waya, lililozinduliwa kwa utepe na picha, halafu likaharibika mwezi wa nne na fundi wake yuko nje ya nchi. Hapa Mara tumeshaona pampu za maji na taa za barabarani za sola zikifa kwa ugonjwa huo. Betri iliisha, vumbi likafunika paneli, na hakuna aliyekuwa na bajeti ya kupanda juu kufuta.

Kwa hiyo wewe unayeshawishiwa kununua chaja isiyo na waya, iwe ya pikipiki au ya bajaji, mwambie muuzaji aichomeke kwenye mita mbele yako. Soma uniti zilizoingia ukutani na uniti zilizofika kwenye betri, chombo kikiwa kimeegeshwa vile unavyoegesha siku zote, si vile anavyokiegesha yeye. Kisha muulize ikiharibika, ni nani pale Musoma atakayeifungua. Akikosa jina na namba ya simu ya fundi huyo, chukua ya waya.